Negativu Ibaki Hapa

Filimu imerudi. Si ile ya sinema, nasema ile ya kamera, mkanda wa picha 36 uliokuwa unakuja ndani ya kikopo cheusi ambacho mama zetu walikitunza kwa kuwekea chumvi. Kodak, iliyokimbilia mahakamani mwaka 2012 kwa sababu ya madeni, leo inauza filimu kwa vijana waliozaliwa na simu mkononi. Pentax mwaka 2024 ilitoa kamera mpya kabisa ya filimu. Polaroid iliacha kutengeneza filimu zake za papo hapo mwaka 2008, watu wachache wakanunua mashine za kiwanda cha mwisho kule Uholanzi, na sasa jina hilo liko madukani tena. Waliosema digitali imeua filimu walizika mgonjwa akiwa bado anapumua.

Sina ugomvi na habari hiyo. Ugomvi wangu ni namna biashara hii inavyotufikia. Toka Goma mpaka hapa Rugerero, filimu haikurudi kama bidhaa ya dukani. Ilirudi shingoni mwa wageni. Zile studio zilizokuwa zinasafisha picha za rangi zimefungwa zamani, mashine zimekuwa chuma chakavu. Lakini mgeni anafika na kamera ya zamani, anapiga, anazungusha mkanda, anatia mfukoni, anaenda zake. Filimu inasafishwa Nairobi ama Ulaya. Sisi tumebaki na kazi moja tu katika biashara hii mpya: kuwa picha.

Sikiliza wanachosema wapenzi wa filimu. Eti inafundisha subira. Eti ina roho, digitali haina. Jamani! Mtu anayengoja karatasi ya ukimbizi mwaka wa tatu sasa, umpe filimu ili ajifunze kungoja? Hayo tuwaachie wenye haraka. Sisi tuna sababu yetu, na ni nzito kuliko hiyo. Filimu ni kitu. Negativu iko mahali pamoja, mkononi mwa mtu mmoja, na mwenye nayo ndiye mwenye picha. Simu ikianguka majini, ikinyang'anywa njiani, ama ukisahau neno la siri, harusi yako imekwenda. Wengi wetu tulivuka mpaka na simu iliyojaa picha, leo hatuna hata moja. Lakini yule bibi aliyefunga picha mbili za karatasi ndani ya kitenge, anazo mpaka leo.

Tuseme kweli, karatasi nayo inaungua. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wa Goma, na mahali ilipopita haikuacha studio wala albamu. Kwa hiyo filimu si dawa ya kila kitu. Nasema tu kwamba kama negativu ni mali, tuulize ni mali ya nani.

Mfano mkubwa uko kwetu kabisa. Kodak ilikuwa na filimu iliyoitwa Aerochrome, ya kupigia picha kutoka ndegeni. Wanajeshi waliitumia kumtafuta adui aliyejificha chini ya majani. Inaona mwanga ambao jicho halioni, na majani mabichi yanatoka na rangi ya waridi. Kodak iliacha kuitengeneza mwaka 2009. Msanii wa Ireland, Richard Mosse, akatafuta mikanda iliyobaki, akaja nayo Kivu kuanzia mwaka 2010. Vilima vyetu, wapiganaji, kambi, vyote vikazama katika waridi. Kazi yake iitwayo The Enclave ilionyeshwa Venice mwaka 2013 katika banda la Ireland, na mwaka 2014 akapata tuzo ya Deutsche Börse kule London. Picha kubwa kubwa zikauzwa kwenye magaleri.

Kuna wanaomlaumu kwa ile rangi, eti anapamba vita. Mimi simo. Rangi ile inashtua, na mtu aliyeshtuka anatazama mara mbili. Kivu ilikuwa imechoka kutazamwa mara moja. Swali langu mimi ni la sokoni. Malighafi ya kwanza ya biashara ile ilikuwa filimu adimu. Malighafi ya pili ilikuwa vilima na sura za watu. Ile ya kwanza ilinunuliwa. Ya pili bei yake ni ngapi? Na simuulizi Mosse peke yake, hata kidogo. Namuuliza kila anayeshuka garini na kamera ya filimu shingoni. Koltani inatoka kwetu haijasafishwa, filimu nayo inatoka haijasafishwa. Thamani inaongezwa kule.

Na musiniambie haiwezekani vingine, maana iliwezekana hapa hapa. Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek aliwapa kamera za filimu, zile za kutumia mara moja, watoto yatima wa Imbabazi, kituo alichokianzisha mama mzee Rosamond Carr huku upande wa Gisenyi baada ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Watoto wakapigana picha wenyewe kwa wenyewe. Filimu zilisafishwa huku huku, picha zikabandikwa ukutani kwao na kutiwa kwenye albamu zao. Baadaye ndipo zikaonyeshwa Kigali na kuuzwa, na pesa ikaenda kwenye masomo yao. Msichana wa miaka minane alipata zawadi katika shindano la gazeti moja la picha la Marekani. Angalieni ule mpangilio: picha ilifika kwanza ukutani kwa mwenye sura, halafu ndiyo ikafika kwa mnunuzi.

Zanzibar nako kuna Capital Art Studio, iliyofunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza, kisha ikashikwa na mwanawe Rohit. Watalii wanaingia pale kununua picha za Unguja ya zamani. Kwa nini wanazinunua Unguja na si Paris? Kwa sababu negativu hazikuondoka nyumbani.

Wazee wetu wanakumbuka pia kazi nyingine ya picha za karatasi. Baada ya 1994, katika kambi za Goma, watoto waliopotezana na wazazi walipigwa picha, na picha zikapangwa ili wazazi wapite wakitafuta sura. Wakimbizi wenyewe walifundishwa kuzipiga. Anayesema kazi hii ni ngumu kwa watu wa kambini, aulize historia ya kambi.

Sasa, kuna kikundi kilichopita kwetu, jina lake naliacha. Walikuwa na kamera nzuri za filimu na heshima nyingi. Mama mmoja jirani yangu alisimamishwa mbele ya turubai, akasaini fomu ya Kiingereza, akaahidiwa nakala. Kitenge alichovaa siku ile alikiazima. Mpaka sasa gari nyeupe ikiingia anatuma mtoto kuuliza: “Foto yangu ilisha fika?” Haijafika. Lakini sahihi yake imefika, iko kwenye faili fulani, inafanya kazi.

Wafanyakazi wa mashirika wana jibu lao, na si la kudharau: ulinzi. Picha ya mtu aliyekimbia kundi la silaha inaweza kumletea kifo. Ndiyo, kabisa! Ndiyo maana sitaki sura yake ilale kwenye droo ya mtu asiyejua Masisi iko wapi, wala nani anamtafuta nani kule. Mwenye sura ndiye anajua hatari yake. Mpeni negativu yake, akitaka aifiche, akitaka aichome.

Wengine watasema watu wana njaa, wewe unaongea filimu. Basi tuongee hesabu. Mkanda mmoja wa rangi huko nje unauzwa dola 10 mpaka 15 kabla ya kusafishwa, kupita pesa ya chakula ya mtu mmoja kwa mwezi hapa. Kwa hiyo rangi tuisahau. Nyeusi na nyeupe ni habari nyingine. Unanunua filimu kwa roli kubwa ya mita 30, unaikata mwenyewe gizani, unapata mikanda kama 18. Dawa ni tatu tu. Dawa ya kwanza inataka joto la digrii 20 hivi, na hewa yetu ya Gisenyi iko karibu na hapo bila barafu. Kinachotakiwa ni chumba kisichovuja mwanga, maji safi, saa, na mtu asiye na papara. Dawa ya mwisho isimwagwe kwenye mtaro, maana inabaki na fedha ndani yake, fedha madini, na ni sumu kwa samaki. Ikusanywe kwenye jerikani.

Na wateja? Mkimbizi hawezi kuwa mteja wa kwanza, tusidanganyane. Mteja wa kwanza ni huyo huyo mgeni mwenye kamera. Asafishiwe filimu yake hapa, alipe hapa. Wa pili ni wafanyakazi wanaonunua vikapu kama zawadi kila wakirudi likizo. Picha iliyochapwa kwa mkono nayo ni zawadi. Wa tatu ni watalii wa ziwani. Faida ikipatikana, ndipo harusi za hapa zipigwe kwa bei ndogo. Vijana waliojua kutengeneza simu bila kitabu watajua na hii.

Tunachomtaka mgeni si kingi. Fomu iandikwe kwa Kiswahili na Kinyarwanda, na isomwe kwa sauti kabla ya kusainiwa. Kila aliyepigwa apewe picha ya karatasi. Negativu zenye sura za watu zibaki hapa, wewe uondoke na nakala. Ukiuza, mwenye sura ajue bei, na apate sehemu yake iliyoandikwa kwenye fomu ile ile. Na kama ratiba yako haina siku ya kungoja mikanda ikauke kwenye kamba, ongeza siku.