Tusimfundishe Uongo Anayekwenda Ng'ambo

Kila Agosti inapokaribia, kadi za mchango hupita mkono kwa mkono Oyugis, Ndhiwa, Rongo na Awendo. Mtoto wa fulani amepata nafasi katika chuo cha ng'ambo. Mgeni wa heshima hualikwa, mchungaji huomba, na mama muuza omena hutoa shilingi mia mbili alizozifunga kwenye pindo la leso. Ng'ombe huuzwa, na pengine kipande cha shamba la miwa nacho hufuata. Jambo hili ni jema, wala asitokee mtu wa kulibeza. Lakini siku ile ile tunayomchangia kijana, tunamkataza pia, bila kutamka neno, asije akatuambia kwamba huko aliko ana njaa, analia au ameshindwa na masomo. Kauli yangu leo, ndugu msomaji, ni hii: kinachowaangusha wengi katika siku za mwanzo ugenini si baridi wala ugumu wa masomo, bali ni uongo ulio kati yao na nyumbani, na uongo huo tumewafundisha sisi.

Hebu tuzitazame siku hizo. Kijana wa Mbita amefika Leipzig, au binti wa Kehancha amefika Manchester. Amezoea nyumba isiyokosa watu. Sasa ana chumba chake peke yake na hakuna anayebisha hodi. Desemba ikifika, giza huingia saa kumi jioni. Mhadhiri anataka wanafunzi wampinge kwa hoja mbele ya wenzao. Yeye, aliyelelewa kumnyamazia mwalimu kwa heshima, ananyamaza, na kimya chake kinahesabiwa kuwa ni kutojiandaa. Kiingereza alichopatia alama nzuri shuleni hakimsaidii kumwelewa dereva wa basi. Hakuna aibu yoyote katika hayo. Ni mambo yanayompata kila mgeni, na mengi hupungua baada ya miezi michache.

Mara simu inalia. "Umefika salama? Huko kuko vipi? Tutumie picha." Kijana anatafuta gari zuri lililoegeshwa barabarani, anasimama kando yake, anatabasamu. Picha inazunguka kijiji kizima kabla ya jua kutua. Wiki inayofuata simu inalia tena: kuna matanga, mdogo wako amerudishwa nyumbani kwa karo, na paa la kanisa linavuja. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Sisi twampa mwenetu jembe hata zile siku mbili hazijaisha.

Wazazi na wajomba, fanyeni hesabu pamoja nami. Ujerumani humtaka mwanafunzi wa kigeni aonyeshe kuwa ana fedha za kujikimu. Kiwango kilichowekwa mwaka 2024 ni euro 11,904 kwa mwaka, nazo kwa kawaida huwekwa katika akaunti iliyofungwa. Anayezisikia Homa Bay huzigeuza shilingi, akapata zaidi ya milioni moja na nusu, akasema kijana ametajirika. Hajui kwamba kijana huruhusiwa kutoa euro 992 tu kwa mwezi, na kutoka humo alipe kodi ya nyumba, bima ya afya, nauli na chakula. Kazi nayo ina mipaka. Uingereza, mwanafunzi wa shahada kwa kawaida haruhusiwi kupita saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Marekani ni saa hizo hizo, tena ndani ya chuo. Anayeona haya kusema "sina" huenda kufanya kazi ya usiku kinyume cha masharti ya viza. Akikamatwa, hurudishwa. Asipokamatwa, husinzia darasani na kufeli, kisha hutafuta uongo mwingine wa kufunika ule wa kwanza. Mficha maradhi, kilio humfichua.

Nchi yetu ya ziwani haikuanza safari hizi jana. Tom Mboya, ambaye kaburi lake liko Rusinga, alikwenda Oxford mwaka 1955 akasoma mwaka mmoja katika Chuo cha Ruskin. Miaka minne baadaye ndiye aliyekuwa mbele katika mpango wa kuwapeleka vijana Marekani, na Septemba 1959 ndege ya kwanza iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Nairobi hadi New York. Mwaka huo huo Barack Obama mkubwa, mzaliwa wa pande za Kendu Bay, alifika Chuo Kikuu cha Hawaii, mahali ambapo saa ziko nyuma ya zetu kwa saa 13. Wangari Maathai, aliyesafiri mwaka 1960 katika msafara uliofuata, ameeleza katika kitabu cha maisha yake jinsi basi lao lilivyosimama Indiana na wao wakaambiwa hawawezi kuketi mkahawani kwa sababu ya rangi yao. Hakuifanya fedheha hiyo siri. Aliisimulia waziwazi, na heshima yake haikupungua hata chembe.

Atatokea wa kuniuliza: je, si ukatili kumpigia mama simu na kumwaga machozi ilhali ameuza ng'ombe wake? Namjibu kwamba mama aliyeuza ng'ombe ndiye mwenye haki ya kwanza ya kujua mali yake imefikia wapi. Tazameni yaliyotokea Uasin Gishu. Karo zilizolipwa kupitia mpango wa kaunti wa kuwapeleka vijana Ufini na Kanada hazikufika vyuoni kama ilivyotarajiwa, na mwaka 2023 baadhi ya wanafunzi walikuwa katika hatari ya kufukuzwa. Wazazi waliandamana Eldoret, na taifa zima likasikia. Kama kila familia ingejifungia na aibu yake, nani angeuliza fedha ziko wapi?

Basi nakuusia, mwanangu unayefunga mizigo. Chagua mtu mmoja nyumbani, awe shangazi au mwalimu wako wa zamani, umwambie kila kitu bila kupamba. Usipoelewa somo, nenda ofisini kwa mhadhiri katika saa alizotangaza. Huko si utovu wa adabu. Ifahamu ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla hujapata shida. Watafute Wakenya wenzako, lakini usijifungie nao. Koti la baridi nunua huko huko, hata la mtumba. Na ukiombwa fedha usizo nazo, jibu kwa upole na kwa ukweli: sina, ninasoma.

Nanyi wazazi, msimtume mwanafunzi kama mnavyomtuma mwenye mshahara. Mpeni walau muhula mzima bila kumwomba kitu. Mkipiga simu, ulizeni amekula nini, analalaje, ana rafiki gani, kisha mvumilie kusikia jibu lisilopendeza. Wachungaji na wenyeviti wa kamati za mchango, siku ya kumuaga kijana mwambieni mbele ya watu wote kwamba akikwama aseme, na kwamba atakayerudi kabla ya wakati atapokewa kama mwana na hatahesabiwa kuwa mdeni. Maneno hayo hayana gharama. Yasemwe katika harambee ya kwanza itakayofanyika Agosti hii, kabla kapu la mchango halijapitishwa.