Majina Mawili, Kisanduku Kimoja

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Aghalabu methali hiyo hutumiwa kwa watu wanaogombania cheo. Leo mimi naipeleka kwenye chumba cha kompyuta, kwani humo pia mna zizi, na fahali wenyewe ni majina. Maoni yangu ni haya: anayejifunza kutengeneza tovuti asivuke hatua ya kwanza kabla hajaweza kueleza, kwa maneno yake mwenyewe, tofauti kati ya nakala na lakabu.

Katika programu, kigeu ni kisanduku chenye jina, na ndani yake huwekwa thamani. Nakala ni kama notisi ulizonakili kutoka kwa daftari la jirani yako: ukimwaga chai juu ya daftari lako, lake libaki safi. Lakabu ni jina la pili la kitu kile kile. Mchezaji anayeitwa Simba uwanjani ana jina jingine darasani, lakini Simba akivunjika mguu, msitarajie kumwona yule wa darasani akija na miguu mizima. Ni mtu mmoja, jamani!

Sasa tazameni jinsi jambo hili dogo linavyoweza kumwumiza mtu. Katika lugha ya PHP, ambayo Rasmus Lerdorf aliitoa kwa umma mwaka 1995, lakabu hutengenezwa kwa kuweka ishara ya & mbele ya jina. Tuseme orodha ina maksi za wanafunzi watatu: 40, 55 na 71. Mwalimu anataka kila mmoja aongezwe maksi 2. Programu inapita kwenye orodha ikitumia lakabu "maksi", na kila kisanduku kinaongezwa. Tunapata 42, 57 na 73. Vizuri sana. Lakini mzunguko ukiisha, lile jina "maksi" halifi. Bado limeng'ang'ania kisanduku cha tatu kama kupe.

Kisha programu inapita tena kwenye orodha ili kuchapisha matokeo, na inatumia jina lile lile "maksi", safari hii bila ishara ya &. Thamani ya kwanza, 42, inatiwa ndani ya "maksi", kumbe inaangukia kisanduku cha tatu! Ya pili, 57, inafuata njia hiyo hiyo. Zamu ya tatu ikifika, mle ndani mna 57, wala si 73. Yule wa tatu amepokonywa maksi 16, na kompyuta haikutoa onyo lolote. Mzazi atamwuliza mtoto wake mbona ameanguka, naye atajibu nini? Dawa ya ugonjwa huu ni mstari mmoja tu wa kulifuta jina hilo, yaani unset, mara baada ya mzunguko wa kwanza.

Tukija kwenye sesheni, mambo yanazidi kunoga. Seva haikumbuki mgeni wake kati ya ukurasa mmoja na mwingine. Kwa hiyo kivinjari hupewa nambari, mfano wa kile kibao unachopewa dukani ukiacha mkoba mlangoni, na vitu vya mgeni huyo hutunzwa chini ya nambari hiyo. PHP 4, iliyotoka mwaka 2000, ilikuja na sesheni zake yenyewe. Siku hizo kulikuwa na mpangilio ulioitwa register_globals. Ukiwa umewashwa, kigeu cha kawaida na kitu kilichotunzwa katika sesheni kwa jina hilo hilo viliweza kufungwa pamoja. Unabadilisha hiki ukidhani ni cha ukurasa huu tu, kumbe umegusa mkoba wa mgeni! Wenye lugha walitambua hatari ya mpangilio huo. Mwaka 2002 ulianza kuja ukiwa umezimwa, na mwaka 2012 uliondolewa kabisa.

Najua wako watakaosema, "Si basi tuiache hiyo PHP, tutumie Python!" La hasha! Katika Python, ukisema orodha B ni sawa na orodha A, hujapata nakala, umepata lakabu. Na katika Django, mtambo wa tovuti ulioandikwa kwa Python, kuna kioja cha upande wa pili: ukibadilisha kitu kilicho ndani ya kitu kingine kilichomo katika sesheni, kwa kawaida Django haitambui kwamba sesheni imeguswa, na badiliko lako halihifadhiwi mpaka uiambie. Kuhama nyumba hakuponyi homa.

Wengine husema, "Ikifanya kazi inatosha, ya nini kujisumbua?" Hao ndio ninaowapinga zaidi. Programu ya maksi niliyoeleza inafanya kazi. Inachapisha karatasi safi, yenye mistari iliyonyooka. Ubaya ni kwamba karatasi hiyo inasema uongo, na anayeumia si aliyeiandika.

Kwa hivyo nawaomba walimu wetu wa kompyuta watuulize swali moja kila tunapoandika alama ya "sawa na": hii ni nakala au ni lakabu? Nasi wanafunzi tuache kunakili mistari ya watu ati kwa sababu imekubali. Kiswahili kimetupa maneno mawili yaliyo wazi kama mchana, tuyatumie. Mdharau mwiba mguu huota tende, na katika kazi hii mguu unaoota tende mara nyingi ni wa mwingine.