Karani naye aende semina
Tangu Julai 2025 Tanzania inatumia sheria za Toleo la Urekebu la 2023, na vifungu kadhaa ambavyo mawakili walivikariri tangu chuoni vimebadilika namba. Ongeza mabadiliko ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, kisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, utaona kwa nini shahada ya zamani peke yake haitoshi kumtetea mtu leo. Mawakili wana semina zao za mafunzo endelevu, jambo jema sana. Lakini karani anafundishwa na nani? Yeye ndiye anayechapa hati ya madai, anayeipandisha kwenye mfumo wa mahakama, anayehesabu siku za kukata rufaa zisipite. Akikosea, mkulima wa Kilosa hatajua kosa ni la nani; ataambiwa tu kwamba rufaa yake imetupwa. Na msaidizi wa kisheria wa kijijini, anayetambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, ambaye mjane humkimbilia kwanza mirathi inapogombaniwa, toleo jipya atalisomea wapi? Kila ofisi inayomlipia wakili semina imlipie na karani wake, na Chama cha Mawakili Tanganyika kiwafungulie wasaidizi wa kisheria milango kwa ada wanayoimudu. Waanze na somo la ukomo wa muda, maana hapo ndipo kesi nzuri hufia.