Kubadili Fimwea Kwataka Daftari, Si Ushujaa

Wako wanafunzi wasemao kwamba kubadili fimwea ya ruta ni kazi ya mashujaa, na wako wazazi wasemao kuwa ni uharibifu mtupu. Naona pande zote mbili zimekosea. Fimwea ni programu iliyotiwa na kiwanda ndani ya chombo ili kukiendesha. Kuibadili ni kazi ya fundi, nayo yataka subira.

Faida yake haina shaka. Mwaka 2003 kampuni ya Linksys ilitoa hadharani maandishi ya programu ya ruta yake WRT54G, kwa kuwa ndani yake ilitumiwa Linux, na leseni ya Linux yadai hivyo. Mwaka 2004 wajuzi wakaanzisha OpenWrt, fimwea huru ambayo hata leo yaendelea kutengenezwa. Kwa njia hiyo, ruta nyingi zilizoachwa na viwanda vyao hupata marekebisho mapya ya usalama, zikatumika miaka mingine.

Lakini ruta hiyo hiyo yatupa onyo. Matoleo yake ya kwanza yalikuwa na hifadhi ya megabaiti 4; toleo la 5, la mwaka 2005, lilikuwa na megabaiti 2 tu, na halikutumia Linux tena. Jina lilikuwa lile lile, lakini fimwea ya moja haikufaa kwa jingine. Basi asomaye jina tu, asitazame namba ya toleo kwenye kibandiko, ajitayarishie hasara.

Kwa hiyo nashauri chama chetu cha kompyuta kiweke sharti. Mtu asiguse chombo kabla ya kuandika daftarini mambo manne: namba ya toleo, kwamba alama ya uhakiki ya faili, yaani zile herufi na tarakimu 64 za SHA-256, yalingana na iliyotangazwa na watengenezaji, mahali alipoweka nakala ya mipangilio ya zamani, na jinsi atakavyorudisha fimwea ya kiwanda kazi ikiharibika. Asiyeweza kujibu la nne asianze. Tena atumie waya, wala si mawimbi ya hewani, na awe na betri ya akiba. Maana umeme ukikatika katikati ya kazi, programu hubaki nusu na chombo huenda kisiwake tena.

Wengine watanung'unika kwamba masharti haya yachosha. Nawauliza: ruta ya nyumbani ni mali ya nani? Mzazi aliinunua kwa jasho lake, na dhamana ya kiwanda yaweza kupotea. Hapana budi kumwomba ruhusa, na kujifunza kwanza kwa chombo kikuukuu ambacho hakitegemewi na mtu.

Tahadhari kabla ya hatari. Nanyi wazazi wetu, mtoto akiwajia na daftari lililojazwa sawasawa, tafadhali msimkatalie.