Gesi ya Kiyoyozi Hailiwi

Ndugu msomaji, joto la Desemba linapoingia Dar es Salaam, wenye magari wengi hukimbilia gereji "kuongeza gesi". Hulipa, hupoa majuma machache, kisha hurudi tena. Tuelewane: gesi hiyo haichomwi kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua upesi, imevuja. Na kuijaza bila kuziba tundu ni kuteka maji kwa pakacha.

Hasara haiishii hapo. Oili ya kulainisha kompresa husafirishwa na gesi hiyo hiyo. Gesi ikipungua, kompresa hukauka, husagika, na vumbi la chuma chake huenea katika mabomba yote. Siku hiyo fedha zitatoka katika karo ya watoto.

Basi, mtake fundi atafute kwanza mahali panapovuja. Washa kiyoyozi dakika 10 kila juma, hata wakati wa kipupwe, ili mipira ya viungio isikauke. Filta ya hewa ya ndani ikaguliwe kila kilomita 15,000, na mapema zaidi penye vumbi. Ufa huu ni mdogo, ndugu. Usiuache ukakujengesha ukuta.