Asifuye mvua imemnyea, vipi aliyelipia wingu?

Wahenga walinena kwamba asifuye mvua imemnyea. Ushahidi wa kuaminika ni wa mtu aliyelipitia jambo mwenyewe, si wa yule aliyelisikia likisimuliwa. Ndiyo sababu kijana anayetamani mchezo mpya wa kompyuta hayaamini sana matangazo ya kampuni. Huwauliza wachezaji wenzake. Je, unapendeza? Unachosha? Bei yake inalingana na utamu wake?

Leo nataka tuutazame mchezo mmoja ambao wachezaji wake wamegawanyika makundi mawili kwa zaidi ya miaka kumi, na kila kundi huapa kwamba lenzake limepofuka. Sababu ya ugomvi ni kwamba wengi wao walilipa kabla ya mvua kunyesha. Walilipia wingu.

Mchezo huo unaitwa Star Citizen. Ni mchezo wa kuendesha vyombo vya anga za juu, kufanya biashara baina ya sayari na, juu ya yote, kupigana. Mwasisi wake ni Chris Roberts, ambaye si mgeni katika uwanja huu. Mwaka 1990, akiwa na kampuni ya Origin Systems kule Texas, Marekani, alitoa mchezo wa Wing Commander. Mchezo huo ulimketisha mchezaji katika kiti cha rubani wa ndege ya kivita ya angani, akapambana na maadui wenye sura za paka wakubwa. Vijana wa siku hizo, ambao leo ni wazazi, hawajausahau.

Kwa hivyo Roberts alipojitokeza tena Oktoba 2012, alisikilizwa. Alisema hataki kupigia magoti kampuni kubwa za kuchapisha michezo, kwani hizo humharakisha mtu na kumkata mbawa. Aliwaomba wachezaji wenyewe wachange. Sisi Wakenya tunalijua jambo hilo kwa jina moja tu: harambee. Kufikia Novemba mwaka huo, zaidi ya dola milioni 6 zilikuwa zimepatikana, na ahadi ilikuwa kwamba mchezo ungetolewa Novemba 2014.

Naam, michango iliendelea. Mwisho wa 2015 ilikuwa imepita dola milioni 100. Mwaka 2022 ikapita milioni 500, na mwaka 2024 ikapita milioni 700. Lakini mchezo wenyewe je? Mwaka 2024 ulipokwisha, ulikuwa bado ni toleo la majaribio. Unachezwa, watu wanarusha vyombo na kupigana, lakini haujatangazwa kuwa umekamilika. Sehemu yake ya hadithi, iitwayo Squadron 42, ambayo huchezwa na mtu mmoja peke yake, iliahirishwa mara kadhaa. Oktoba 2024 wachangaji waliambiwa waitarajie mwaka 2026.

Sasa, wachezaji wanasemaje?

Kundi la kwanza ni la wanaousifu, na hawakosi hoja. Husema hakuna mchezo mwingine unaomwezesha mtu kuamka kitandani ndani ya jiji la sayari ya mbali, kupanda treni hadi kituo cha vyombo, kuingia katika chombo chake kwa miguu, kukiwasha, kisha kupaa kupita mawingu hadi anga tupu bila skrini kukatika hata mara moja. Husema pia kwamba katika chombo kikubwa marafiki hugawana kazi: mmoja kwenye usukani, mwingine kwenye mzinga, wa tatu akikimbia kuzima moto au kukarabati mitambo. Kwao, hayo yanatosha kufuta hasira zote za kungoja.

Kundi la pili ni la waliochoka. Nao pia wameyaona waliyoyaona. Husimulia juu ya lifti inayofunguka na kumwangusha mtu hadi kufa, sakafu ya chombo inayompitisha rubani kama maji katika ungo, na seva inayozimika ghafla wakati mtu ana shehena aliyoitafuta kwa saa tatu. Shehena hupotea, na jioni nzima ikapotea nayo. Hawa huuliza: ikiwa lifti haijatengenezwa baada ya miaka kumi, je, mifumo mia ya nyota iliyoahidiwa itatengenezwa lini?

Fauka ya hayo, kuna ubishi juu ya urukaji wenyewe, na ubishi huu unafaa kwa mwanafunzi yeyote wa fizikia. Angani hakuna hewa ya kuvuta chombo nyuma. Ukizima injini, chombo huendelea kwenda kule kilikokuwa kikielekea. Kwa hivyo rubani hodari anaweza kusonga mbele huku amegeuza pua ya chombo nyuma, akimfyatulia risasi anayemfukuza. Wapenzi wa mtindo huo husema ndio ujuzi wa kweli, na humchukua mtu miezi kuumudu. Lakini wengine walilalamika kwamba mapigano yaligeuka kuwa kama mafahali wawili wanaokimbiliana kwa kasi ya ajabu, wanapishana, halafu wanageuka kutafutana tena, wala hakuna anayemwona mwenzake isipokuwa kama kitone kwenye skrini.

Mei 2024 waundaji walijaribu kuamua kesi hiyo. Waligawa urukaji katika hali mbili. Katika hali ya mapigano, kasi ilipunguzwa ili vyombo vikaribiane na watu waonane. Katika hali ya safari, chombo kilikimbia sana lakini silaha na ngao zake zilizimwa. Wachezaji wapya wengi walifurahi, kwani sasa waliweza kulenga shabaha na kupona. Wakongwe wengi walikasirika, wakasema ujuzi wao wa miaka umetupwa jalalani na angani pamefanywa kama kuna matope. Watu wale wale, mchezo ule ule, badiliko moja tu, na maoni mbingu na ardhi.

Msomaji, hadi hapo huo ni ugomvi wa kawaida. Hata mashabiki wa soka hubishana hivyo. Jambo linaloutofautisha mchezo huu ni pesa.

Bei ya kuingia ni takriban dola 45, yaani karibu shilingi 5,850 tukihesabu dola kwa shilingi 130. Lakini duka la kampuni huuza vyombo pia, kimoja kimoja, kwa pesa halisi, na vingine bei yake ni mamia ya dola. Vingi vyaweza kupatikana kwa jasho ndani ya mchezo bila kulipia tena. Hata hivyo, kwa kuwa ni toleo la majaribio, mali iliyochumwa mchezoni imewahi kufutwa mara kadhaa ili watu waanze upya, ilhali chombo kilichonunuliwa kwa dola hubaki. Mwaka 2018 kiliuzwa kifurushi cha karibu vyombo vyote kwa dola 27,000. Hizo ni kama shilingi milioni tatu na nusu. Tena hukuweza hata kukiona dukani kabla hujatumia dola 1,000.

Kuna na vyombo vilivyouzwa vikiwa ni picha tu. Kimoja, Banu Merchantman, kilianza kuuzwa mwaka 2013. Miaka kumi baadaye bado hakikuwa kimeruka. Mambo kama hayo yaliifanya mamlaka ya viwango vya matangazo ya Uingereza, baada ya kupokea malalamiko mwaka 2021, kuikumbusha kampuni hiyo kwamba imweleze mnunuzi waziwazi kuwa anacholipia hakijaundwa bado. Kwetu tungesema asiuziwe mbuzi kwenye gunia.

Hapa ndipo maoni ya wachezaji yanapohitaji kupimwa kwa mizani nyingine. Mtu aliyetoa dola 45 aweza kusema bila uchungu kwamba mchezo haukumpendeza. Aliyetoa dola 2,000 akisema hivyo, anakiri mbele ya watu, na mbele ya mkewe, kwamba fedha hizo zimezama. Ni wachache wenye moyo huo. Badala yake atasema subirini, mambo mazuri yaja. Kwa upande mwingine, aliyekata tamaa na kujiona amedhulumiwa hawezi tena kuliona zuri lolote, hata likiwa mbele ya macho yake. Wote wawili si waongo. Wote wawili wanauguza mfuko.

Basi wewe mzazi ambaye kijana wako amekuja na ombi la pesa, au wewe mwanafunzi unayetaka kutumia akiba yako, utamsikiliza nani? Nakushauri utumie kile ulichofunzwa katika darasa la Kiswahili: sikiliza viambishi vya wakati.

Mchezaji anapokusifia mchezo, tega sikio lako kwenye kitenzi. Akisema vyombo "vinaruka", marafiki "wanapigana" pamoja, mji "unapendeza", huyo amenyeshewa, msikilize. Akisema waundaji "wataongeza" sayari, vita "vitakuwa" vikubwa, kasoro "zitarekebishwa", huyo anakusifia wingu. Hesabu "na" zake na "ta" zake. "Ta" zikizidi, weka mfuko wako kando. Fanya vivyo hivyo kwa mkosoaji: je, anasema juu ya hitilafu aliyoipata juma hili, au ile "iliyomkera" miaka mitano iliyopita na huenda ilikwisha kutengenezwa?

Pili, muulize bila haya ametoa kiasi gani. Si utovu wa adabu. Hata katika harambee za kwetu majina na michango husomwa hadharani.

Tatu, muulize anacheza kwa kompyuta gani. Mchezo huu hula zaidi ya gigabaiti 100 za nafasi na huhitaji mashine yenye nguvu pamoja na intaneti wakati wote. Anayeusifu akiwa na mashine ya bei ya pikipiki mpya hajaucheza mchezo ule utakaouona wewe kwenye kompyuta yako ya kuandikia insha.

Nne, usilipe kabla ya kuonja. Kampuni yenyewe imekuwa ikifungua milango kwa siku chache mara kadhaa kila mwaka, watu wote wacheze bure. Ngoja siku hizo. Jaribu, kisha uwe wewe mwenyewe ndiye unayenyeshewa.

Na kwa mwanafunzi aliyeshikwa na hamu ya vita vya angani lakini mfuko umetoboka, kuna mfano wa pili wa kumfaa. Mwaka 1999 kampuni ya Volition ya Marekani ilitoa mchezo wa FreeSpace 2. Huo ulitolewa ukiwa mzima, umekamilika. Wahakiki waliusifu sana, ila haukununuliwa kwa wingi na ukaonekana umezikwa. Kisha mwaka 2002 Volition ikatoa hadharani maandishi ya programu yake, yaani zile amri zenyewe zinazouendesha. Wachezaji waliyachukua, wakatengeneza picha bora zaidi, wakatunga hadithi mpya, na wameuendeleza mchezo huo kwa zaidi ya miaka ishirini bila kulipwa. Kijana anayejifunza kuandika programu anaweza kuyasoma maandishi hayo na kuona jinsi chombo kinavyofundishwa kugeuka.

Linganisha harambee hizi mbili. Katika ya kwanza, wachezaji walitoa pesa ili wengine wawajengee, na maoni yao yamekuwa ni malalamiko na utetezi. Katika ya pili, walitoa jasho lao wenyewe juu ya kitu kilichokwisha kuwepo, na aliyeona kasoro aliweza kuirekebisha. Sisemi ya kwanza ni ulaghai. Maelfu huucheza mchezo wa Star Citizen na kuufurahia, na huenda siku moja ukakamilika kama ulivyoahidiwa. Ahadi ni deni, na deni hulipwa hata likichelewa. Nasema tu kwamba anayekudai na anayekuuzia hawawezi kuwa mashahidi wa bei, na mchangaji wa harambee hii ni mdai na muuzaji kwa pamoja.

Mzazi, usimfokee kijana wako kwamba michezo ni upuzi. Keti naye, soma naye maoni ya wachezaji hao, mhesabu pamoja hizo "na" na "ta". Akijua kuzitofautisha kwenye mchezo wa dola 45, kesho hatadanganyika kwa ploti isiyo na hati, wala kwa kazi ya ng'ambo inayotaka alipe kwanza. Huko nako watu huuza mawingu, tena kwa bei kali zaidi.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo.