Goma: Kuchemsha mayi hakuondoi mionzi, na samaki wanaonyesha kwa nini

Katika kartiye Mabanga, komini ya Karisimbi, kila familia inajua sheria ya mayi: yakitoka ziwani ao yakinunuliwa kwa bidoni, tia klore ama chemsha, kolera isiingie nyumbani. Sheria hiyo ni ya kweli na imeokoa watu wengi. Lakini kuna uchafu mmoja ambao moto na klore haviuwezi: ule wa madini yenye mionzi, kama uraniumu. Vijidudu vya kolera vinakufa. Uraniumu haifi. Ukichemsha, mayi yanapungua ndani ya sufuria, madini yanabaki.

Kongo imekwisha kuonja jambo hili. Mgodi wa Shinkolobwe, kule Katanga, ndio uliotoa sehemu kubwa ya uraniumu ya bomu iliyopigwa Hiroshima mwaka 1945. Mwanzoni mwa Novemba 2007, zaidi ya tani 17 za madini yenye mionzi zilitupwa ndani ya muto Mura, karibu na muji wa Likasi. Zilikuwa zimekamatwa, na amri ilikuwa zipelekwe Shinkolobwe zikafukiwe. Hazikufika. Zikaishia kwenye mayi ambayo watu wanategemea.

Kitu kama hicho kikitokea, wengi wanauliza: mayi yamepimwa? Ni swali nzuri, lakini ni nusu tu. Mayi ya muto yanapita. Kisha siku kadhaa yanaweza kuonekana safi, wakati madini yamelala chini kwenye tope. Kutoka pale ndipo safari ya kuelekea sahani inaanza.

Kila kitu na njia yake

Majani madogo ya mayi, yale ya kijani yanayoteleza juu ya mawe, yanavuta madini. Vidudu vidogo vinakula majani hayo. Samaki mdogo anakula vidudu, samaki mkubwa anakula mdogo, mtu anakula wote wawili. Watu wengi wanafikiri kwamba sumu inaongezeka kila ngazi. Kwa mionzi si hivyo kila mara. Inategemea ni kitu gani, juu mwili wa samaki unadanganyika: unapokea kile kinachofanana na chakula chake.

Seziumu inafanana na potasiumu, basi inaingia kwenye nyama. Kisha ajali ya Chernobyl, mwaka 1986, samaki wa maziwa ya mbali, hata Sweden na Norway, walikutwa na seziumu. Wadogo walifikia kiwango cha juu mapema. Wakubwa wanaokula wenzao walichelewa, lakini wakaipita. Na seziumu hiyo inahitaji karibu miaka 30 ili nusu yake iishe.

Radiumu, ambayo inazaliwa na uraniumu, inafanana na kalsiumu. Yenyewe inakwenda kwenye mifupa na magamba, na nusu yake inahitaji miaka 1600. Poloniumu inakaa zaidi kwenye maini na matumbo. Uraniumu yenyewe haipandi sana: inajaa kwenye tope na majani, kisha inapungua kadiri unavyoelekea kwa samaki wakubwa.

Basi hatari inategemea pia namna ya kula. Samaki mkubwa anapasuliwa, matumbo yanatupwa, mifupa inabaki kando ya sahani. Sambaza analiwa muzima: kichwa, mifupa na matumbo. Ndiyo maana anajenga mifupa ya watoto. Na ndiyo maana, mahali ambapo mayi yameguswa na uraniumu, samaki mdogo ndiye wa kupimwa kwanza.

Na ziwa Kivu je?

Sambaza si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na anaishi hasa kwa vidudu vidogo vya mayi. Safari ya chakula chake ni fupi. Tena, juu ya volkano, ziwa Kivu liko na chumvi nyingi kuliko maziwa mengi, na potasiumu ndani yake ni nyingi. Kwa seziumu hiyo ni kinga: samaki akishiba potasiumu, seziumu anachukua kidogo. Lakini kinga hiyo haizuie radiumu ao poloniumu.

Mama anayenunua fungu lake Kituku hana sababu ya kuliacha. Sababu iliyopo ni ya kuangalia milima. Koltani inayochimbwa Rubaya, ndani ya Masisi, iko aina ya jiwe ambalo mara nyingi linabeba uraniumu na toriumu kidogo. Ndiyo maana mizigo mingine ya koltani inasafirishwa kwa sheria za vitu vyenye mionzi. Sehemu kubwa inabaki imefungwa ndani ya punje. Lakini wachimbaji wanaosha kwa mayi, na mchanga mwembamba unashuka na vijito, unakwenda kulala mahali mayi yanapotulia. Pale ndipo watoto wanavua.

Kazi ya kupima mionzi ni ya Kamisaria ya Nguvu za Atomiki, iliyo Kinshasa, muji uliopata mtambo wa kwanza wa nyuklia Afrika, mwaka 1959. Tangu mwisho wa Januari 2025, Goma iko mikononi mwa AFC/M23 na uwanja wa ndege ukafungwa. Chupa ya mayi ao kilo ya samaki haina njia nyepesi ya kufika kule. Lakini anayekusanya kodi kwa kila kilo ya koltani, awe nani, hawezi kusema kwamba mayi ya kuoshea haimuhusu.

Mambo tatu hayahitaji kungoja Kinshasa. Koltani ioshwe kwenye mashimo yaliyochimbwa kando, si ndani ya kijito. Tope la mashimo hayo lisimwagwe mtoni. Na siku wapimaji watakapokuja, wakaaji wasikubali kuonyeshwa karatasi ya mayi peke yake. Waombe tope lipimwe, na samaki wadogo wapimwe wazima, vile wanavyoliwa Mabanga.